Jalada la tatu, na bado halijakaa sawa

SWALI: Sisi ni bendi ya watu sita hapa Arua, Uganda. Tunapiga adungu (kinubi chenye shingo iliyopinda), ngoma na gitaa la besi, tunaimba kwa Kilugbara, Kialur na Kiswahili. Albamu yetu ya kwanza, nyimbo 11, imeshatoka studio. Dizaina wetu ametengeneza jalada mara tatu na kila mara tunaona bado. Mbele ametuweka sote sita, adungu, jua linalozama, jina la bendi, jina la albamu, namba ya simu ya kutuita kwenye harusi na nembo ya mfadhili. Tunataka CD 500 na jalada la mtandaoni. Je, tubaki na kasha la plastiki au twende kwenye karatasi ngumu? Mmoja wetu pia anataka tubandike kipande cha lubugo, kile kitambaa cha gome la mti, mbele. Faili nimekutumia. Tusaidie kulinyoosha. – Msomaji, Arua

JIBU: Ndugu yangu, faili nimelipata, na kabla ya kulisoma kwenye kompyuta nimelichapa kwa printa yangu ya nyumbani, sentimita 12 kwa 12, nikalikata kwa mkasi, nikalichomeka kwenye kasha tupu la CD na kuliegemeza kwenye rafu. Nikarudi nyuma hatua tatu. Nilichokiona ni jua na namba ya simu. Kisha nikalipunguza kwenye simu mpaka likawa dogo kama linavyokaa kwenye orodha ya nyimbo, upana wa ukucha wa kidole gumba. Pale sikuona bendi wala adungu. Niliona doa la rangi ya chungwa.

Hilo ndilo linalowasumbua mara tatu zote. Mmekuwa mkibadilisha fonti na kivuli cha herufi, kumbe kasoro iko kwenye wingi wa vitu. Na dizaina wenu msimlaumu sana. Mlimwomba jalada lakini mkampa orodha ya bango. Sote tumekulia kwenye mabango ya tamasha yaliyobandikwa kuta nzima: vichwa kumi, tarehe, kiingilio, simu, nembo za wafadhili chini. Bango lina haki ya kupiga kelele kwa sababu Jumapili asubuhi kazi yake imekwisha. Jalada la albamu litakaa sebuleni kwa mtu miaka kumi.

Nianze na yanayotoka mbele.

Namba ya simu itoke leo hii. Laini zinapotea, mameneja wanabadilika, na CD ikishachapwa haina marekebisho. Zaidi ya hapo, wasambazaji wanaopeleka nyimbo kwenye Spotify, Apple Music au Boomplay huyarudisha majalada yenye namba za simu, anwani za tovuti, bei au nembo za biashara. Mtapakia, mtasubiri, mtaambiwa rekebisheni, na tarehe mliyotangaza redioni itapita. Namba iwekeni ndani ya jalada la karatasi, karibu na majina yenu. Nembo ya mfadhili iende nyuma, chini, ndogo. Ila kwanza soma mlichotia sahihi: kama mlimwahidi mbele, ni bora mzungumze naye sasa kuliko aone mwenyewe siku ya uzinduzi.

Jua nalo liende zake. Sina ugomvi na jua la West Nile, ila machweo yameshawekwa kwenye kalenda, kwenye kanga na kwenye vipeperushi vya utalii kiasi kwamba jicho linayaruka.

Halafu nyinyi sita. Najua hapa ndipo penye vita, maana kila mmoja ana mama yake anayetaka kumwona mwanawe mbele. Lakini nyuso sita kwenye sentimita 12 ni nyuso za pasipoti. Wekeni picha ya bendi ndani, kwa upana wa ukurasa mzima, mahali ambapo mtu akifungua anawakuta wote kwa ukubwa unaoheshimika, kila mmoja na jina lake na chombo chake. Nimewahi kusuluhisha bendi mbili kwa njia hiyo, na wa kwanza kuridhika siku zote ni mpiga ngoma, kwa sababu kwenye picha ya mbele huwa amefichwa na mwimbaji.

Inabaki nini? Kwenye folda uliyonitumia kuna picha ambayo dizaina ameikata na kuitumia kama kipande kidogo nyuma ya bega la mpiga besi. Ni mkono kwenye nyuzi za adungu. Kidole cha shahada kimevuta uzi na uzi wenyewe umefifia kwa mtetemo, kucha ya kidole gumba imepasuka kidogo, na shingo ya adungu inapanda na kujipinda kutoka nje ya fremu. Ndugu, jalada lenu ni hilo. Mtu ambaye hajawahi kufika Arua ataelewa kuna nyuzi na kuna mkono unaofanya kazi. Mtu wa Nebbi au Pakwach ataitambua adungu yake kabla hajasoma herufi moja.

Na lile pindo la shingo ndilo linalojibu swali lako la kasha.

Kasha la plastiki lina upana wa milimita 142, urefu wa 125 na unene wa 10. Ndani yake mna vipande viwili vya karatasi visivyokutana: kijitabu cha mbele, takriban 120 kwa 120, na karatasi ya nyuma yenye 151 kwa 118, ambayo pande zake mbili hukunjwa milimita 6.5 kila moja kuwa migongo. Picha haiwezi kupita kutoka mbele kwenda nyuma. Inakatwa na plastiki. Jalada la karatasi ngumu ni kipande kimoja kinachokunjwa. Ukiiweka ile picha ili shingo ianzie mbele, ivuke mgongo na kumalizia pindo lake upande wa nyuma, mtu atakayeligeuza mkononi ataifuata shingo kwa macho bila kuambiwa. Plastiki haiwapi nafasi hiyo.

Kuna na sababu ya barabara. Kutoka Kampala hadi kwenu ni karibu kilomita 500, na maboksi yatasafiri kwenye buti la basi chini ya magunia ya watu. Plastiki hupasuka bawaba, na vile vijino vya katikati vinavyoshika diski huvunjika, halafu diski inazunguka ndani inakwaruzika. Karatasi hukunjamana pembe tu. Kwa CD 500 za kuuzia mkononi kwenye harusi na baada ya ibada, mimi nawaambia karatasi: kurasa mbili nje, mbili ndani, mfuko wa diski upande wa kulia, picha ya bendi kushoto.

Plastiki ina faida moja: mgongo mnene. Nitaueleza mgongo kidogo, kwa sababu ndio sehemu ambayo faili lenu limeisahau kabisa. Ni ufito mtupu wa rangi nyeusi. Neno lenyewe albamu, kwa maana ya muziki, linatokana na zama za santuri nzito ambazo wimbo mrefu ulihitaji sahani kadhaa, zikawekwa kwenye vitabu kama albamu za picha. Vitabu hivyo vilikuwa na jalada la rangi moja na maandishi mgongoni, mpaka Alex Steinweiss wa Columbia Records kule Marekani alipoanza kuvichorea picha mbele, takriban mwaka 1940. Yaani mgongo ulikuwa ukiuza muziki kabla ya picha. Na ingia leo studio ya redio yoyote ambayo bado ina kabati la CD: mtangazaji anayetafuta wimbo wenu anaona migongo tu. Usio na jina hautolewi.

Kwenye karatasi ngumu mgongo utakuwa na milimita 3 au 4, mchapaji atakupa kipimo chake. Andikeni jina la bendi, nukta, jina la albamu, herufi kubwa zisizo na madaha, zikisomeka kutoka juu kwenda chini ili CD ikilala chali, mbele ikitazama juu, maandishi yakae wima. Sasa sikiliza hili, dizaina wenu atalishukuru: msiupe mgongo rangi tofauti na mbele. Mashine ya kukunja inaweza kusogea milimita moja, na kwenye mgongo wa milimita 3 hiyo ni theluthi. Ukiwa mwekundu kati ya kurasa nyeusi, utaona uzi mwekundu ukichungulia mbele kwenye nakala 200 na nyuma kwenye nakala 300. Rangi ya usuli ikipita moja kwa moja bila kukatika, kusogea huko hakumwonyeshi mtu chochote.

Kuhusu kukunja, muulize mchapaji nyuzi za karatasi zinalala upande gani. Karatasi ina nyuzi kama mti. Ukiikunja sambamba nazo inatulia, ukiikunja kinyume inapasuka, na kwenye jalada jeusi kama lenu mpasuko ni mstari mweupe unaong'aa. Chukua kipande cha karatasi ya gramu 300 mkononi, kipinde huku na huku: upande unaokubali kirahisi ndio wa kukunjia mgongo. Kisha dai mkunjo ukandamizwe mfereji kwanza kwa mashine, wasiupige kwa rula na mkono. Laminesheni, yaani utando mwembamba wa plastiki, isiyong'aa italinda wino na kuficha alama za vidole. Ile inayong'aa, chini ya taa za ukumbi wa harusi, inageuza picha kuwa kioo.

Rangi. Faili lenu limetengenezwa kwa rangi za skrini, zile tatu za mwanga. Mashine inachapa kwa wino nne: sayani (bluu ya kijani), majenta (pinki iliyokolea), njano na nyeusi. Zikigeuzwa, chungwa la kitenge cha mwimbaji litapoa, na lile bluu la anga nyuma ya mkono litaingia zambarau, kwa sababu bluu kali ya skrini ikigeuzwa hubeba majenta nyingi karibu sawa na sayani. Mwambie apunguze majenta mpaka pawe na pengo la angalau asilimia 30 kati yake na sayani. Ageuze mwenyewe, mbele ya macho yake, asimwachie mtu wa mashine.

Na maandishi madogo yote meusi yawe ya wino mweusi peke yake. Hili limeniuma mimi. Miaka kumi na kitu iliyopita nilikubali prufu, yaani nakala ya majaribio, ya kijitabu cha kwaya kwa picha niliyotumiwa kwenye simu. Nilikuwa kwenye foleni ya mafuta, nikakuza, nikaona sawa, nikajibu endeleeni. Mashairi yote yalikuwa yamegeuzwa kuwa mchanganyiko wa wino nne, na pleti moja, bamba la kuchapia wino mmoja, ilisogea unywele tu. Nakala 1,000 zilitoka na herufi zenye kivuli cha pinki, kama mtu anasoma akiwa na homa. Kosa lilikuwa langu, na gharama pia nililipa mimi. Tangu hapo sikubali prufu nisiyoishika.

Maandishi meupe juu ya picha ya giza ndiyo yanahitaji unene. Jina la albamu mbele limeandikwa kwa fonti ya mkono yenye vikia vyembamba; wino utavimeza. Chagueni fonti moja tu, yenye uzito, mtumie ukubwa wake kutofautisha jina la bendi na la albamu. Nimehesabu fonti tano kwenye jalada lenu. Tano!

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu ni jambo ambalo dizaina wa Kampala hataliona asipoambiwa. Majina ya nyimbo zenu za Kilugbara yana ile alama ya juu, kama koma iliyoinuliwa ('), kabla ya b, d na y. Programu za usanifu zikiona alama hiyo mwanzoni mwa neno hudhani unafungua nukuu, zinaigeuza kichwa chini. Nimeangalia nyuma ya jalada lenu: nyimbo nne zina alama iliyogeuka vibaya na moja imedondosha kabisa. Kwa mzungumzaji hilo si pambo, ni herufi. Mtafuteni mwalimu wa Kilugbara au mzee anayesoma Biblia ya Kilugbara, mpeni orodha kwenye karatasi na kalamu nyekundu. Kialur vilevile. Kisha tahajia hiyohiyo, herufi kwa herufi, iende kwa msambazaji wa mtandaoni, maana jina likiwa hivi kwenye jalada na vile kwenye orodha, msikilizaji anatafuta hapati. Chini ya kila jina wekeni tafsiri fupi ya Kiswahili kwa herufi ndogo. Msipange safu tatu za lugha tatu. Hakuna nafasi, na itaonekana kama fomu ya sensa.

Nyuma kuwe na nyimbo kwa mpangilio, muda wa kila moja, mahali mliporekodi, na mistari miwili ya haki: alama ya P ndani ya duara, mwaka na mwenye rekodi, alama ya C ndani ya duara, mwaka na mwenye jalada na maandishi. Hizo ni haki mbili tofauti na wenyewe wanaweza kuwa tofauti. Kama prodyuza ndiye aliyegharamia studio, P ni ya nani? Kubalianeni kabla ya kuchapa, si baada. Sheria ya Hakimiliki na Haki Jirani ya Uganda ya 2006 inalinda rekodi, na inalinda picha pia, kwa hiyo mpiga picha na dizaina waandike kwenye karatasi kwamba mnaweza kutumia kazi zao kwenye CD, mtandaoni, mabango na fulana. Ujumbe wa WhatsApp unaosema "sawa bosi" usitosheke nao. Kazi zenyewe mnaweza kuzisajili URSB, ofisi ya serikali ya usajili, na kama hamjajiunga na UPRS, chama kinachowakusanyia wanamuziki mirabaha, mpaka lini mtapiga muziki redioni bure?

Msimbo pau mmeuweka mkubwa kama tangazo, tena mwekundu. Kichanganuzi husoma kwa mwanga mwekundu, kwa hiyo mistari myekundu kwake ni hewa. Kipimo chake cha kawaida ni kama milimita 37 kwa 26, na unaweza kupunguzwa hadi asilimia 80 ya hapo, mistari myeusi juu ya nyeupe. Lakini mnauzia mkononi. Kama hakuna supermaketi iliyowaomba CD, uondoeni kabisa, mahali pake wekeni msimbo wa QR wa sentimita 2 wenye pambizo nyeupe pande zote, unaopeleka kwenye anwani mnayoimiliki nyinyi. Wanunuzi wengi hawana tena pa kuchezea diski. Wananunua kuwaunga mkono, halafu wanasikiliza kwenye simu. QR ndiyo itakayowafikisha. Ijaribuni ikiwa imechapwa, jioni, chini ya balbu moja, kwa simu ya bei nafuu.

Diski yenyewe ichapwe moja kwa moja juu yake. Msikubali stika za kubandika. Ndani ya redio ya gari iliyoegeshwa juani gundi hulainika, stika hunyanyuka ukingo, na diski haitoki tena. Rangi moja juu ya nyeupe inatosha: jina, namba za nyimbo, basi.

Kwa mtandaoni msilete jalada la CD lililopunguzwa. Tengenezeni la pili kutoka picha hiyohiyo, mraba wa pikseli 3,000 kwa 3,000, rangi za skrini (hapa bluu yenu inaruhusiwa kung'aa), mkono uwe karibu zaidi, jina liwe kubwa zaidi. Mkiliona kwa upana wa ukucha na bado mnauona mkono, limefika.

Sasa lubugo. Naelewa mwenzenu anakotoka: kinashikika, kinanukia mti, na UNESCO ilikitambua mwaka 2005. Lakini lubugo ni gome la mutuba, na ni kitu cha Buganda. Wanavikwa wafalme wakitawazwa, wanafungiwa marehemu wakizikwa. Mnunuzi wa Masaka, huko Buganda, akikutana nalo juu ya muziki wa adungu kutoka Arua atajiuliza amekufa nani. Kwa upande wa kazi, unene wake haulingani, nyuzinyuzi hung'oka, na nakala 500 za kukata na kubandika kwa mkono zitawamalizia mwezi. Kama mnataka kitu cha kuguswa, muulizeni fundi anayewatengenezea adungu anatupa nini. Mabaki ya uzi aliokata? Kipande cha uzi kufungia nakala 50 za kwanza, mkizitia namba na sahihi, ni chenu na hakihitaji maelezo.

Kabla dizaina hajagusa kompyuta tena, chukueni karatasi ngumu, hata ya boksi la biskuti, muikate, muikunje, muibandike, mtie diski ndani. Mpeni mama mmoja wa sokoni alifungue. Kama ataingiza vidole akakwama, mfuko ni mwembamba. Kama diski itadondoka akiligeuza, ni mpana. Andikeni kwa kalamu juu yake kila ukurasa ni nini, kisha mpeni dizaina kitu hicho pamoja na faili. Asisahau milimita 3 za ziada nje ya mstari wa kukatia, wanazoziita blidi, na maandishi yakae milimita 4 au 5 ndani ya mstari huo.

Mkishafika Nasser Road, mtaa wa wachapaji kule Kampala, msiulize duka moja. Kwa nakala 500 bei ya pleti ndiyo inayouma, na pleti ni zilezile kwa 500 au 1,000, kwa hiyo ulizeni bei zote mbili kabla ya kuamua. Mmoja wenu alale Kampala siku hiyo. Awepo mashine inapotema karatasi ya kwanza, aikunje palepale, aitoe nje kwenye mwanga wa jua aitazame bluu, asome alama za Kilugbara moja moja kwa kidole. Ndipo atie sahihi juu ya karatasi hiyo, na aondoke na ya pili yake mfukoni.